Kundi la Sita

Mwiba hauna kelele. Ukikuchoma unauchungulia, unauona mdogo kuliko kope, unajiambia utautoa kesho. Ni kesho hiyo wahenga waliyoiogopa waliposema kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende: anayekipuuza kitu kwa udogo wake atakuja kukikuta kimekua, nacho kimemshinda. Hadithi hii ni ya mwiba ambao jicho tupu haliwezi kuuona, na ya mtu aliyeufuta kila asubuhi kwa kidole kimoja.

Mtu huyo aliitwa Adalbert. Alikuwa mkuu wa maabara ndogo ya damu huko Ibanda, mjini Bukavu, kwenye mteremko unaotazama ziwa, ingawa aliyekuwa ndani hakuliona ziwa hata siku moja. Mapazia mazito yalifungwa mchana kutwa, kwa maana rangi walizotia kwenye damu ziliogopa mwanga. Nje jua liliwaka, ndani kulikuwa giza kama tumboni mwa chungu, na katika giza hilo ilikaa mashine iliyokuwa fahari ya Papa Adalbert. Iliifyonza damu kwa sauti ya mtu anayenyonya mfupa, kisha ikazipitisha chembe zake moja moja mbele ya mwali mwembamba wa mwanga, kama wasafiri wanavyovuka mpaka wa mto Ruzizi mmoja mmoja huku wakikaguliwa uso. Kila chembe iliyopita iliacha nukta kwenye kioo cha kompyuta. Nukta zilizofanana zilisogeleana, na kompyuta, bila kuulizwa, ikazigawa katika makundi na kulipa kila kundi rangi yake. Chembe nyeupe za mtu mwenye afya zilitoa makundi matano.

Laurette alikuwa mwosha vyombo hapo. Shule aliiacha darasa la sita, lakini jicho lake halikuacha kitu. Ndiye aliyebandika namba kwenye vichupa na kuvipanga, na ndiye aliyefunga mpira kwenye mkono wa Papa Adalbert kila asubuhi na kumtoa damu. Ilikuwa desturi ya maabara ile kwamba kabla ya wagonjwa, mashine ionjeshwe kwanza damu ya mtu mzima asiye na kasoro, ili ijue uzima unafananaje. Damu hiyo waliiita témoin, yaani shahidi, na Papa Adalbert hakukubali itoke kwa mtu mwingine.

"Miaka cinquante-deux, ata malaria hainijue," alijigamba, akihesabu miaka yake hamsini na miwili. "Mu Bukavu yote, kipimo ni mimi."

Basi asubuhi moja, damu yake ilipopita, kompyuta ikatoa makundi sita. Lile la sita lilikuwa nukta chache tu za zambarau. Zilikaa mahali patupu katikati ya makundi mengine, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu.

Papa Adalbert akacheka, akasema ni vumbi tu. "Poussière hii. Mashine ikilala, tube ya kwanza njo inabebaka uchafu ya usiku." Akaligusa lile kundi, akalifuta. Damu za wagonjwa zilizofuata zilitoa makundi matano kila moja, naye akatingisha kichwa kama aliyeshinda kesi.

Kesho yake kundi likarudi. Kesho kutwa likarudi. Laurette aliagizwa asafishe mirija kwa klori, akaisafisha mpaka vidole vikachubuka, na bado likarudi, tena kila liliporudi lilikuwa limenenepa kidogo. Nukta ziliingia kwenye kioo cheusi moja moja, bila haraka, kama watu wanaofika matangani kabla hawajaambiwa aliyekufa ni nani. Papa Adalbert alikuwa akipiga mluzi. Alifuta, akaendelea na kazi.

Siku moja, wiki nyingi baadaye, alipokuwa akimfunga mpira, Laurette aliiona alama ya mpira wa Jumanne ingali pale, nyeusi kama ndizi iliyooza. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Alipochomoa sindano, pamba ikalowa damu, akaweka nyingine nayo ikalowa.

"Papa, samahani," alisema. "Ile kundi ya sita iko inaongezeka."

"Weye uliishiaka sixième primaire, sasa unaona mizimu mu ordinateur?" Akanyoosha kidole kwenye kompyuta.

"Sioni mizimu, Papa. Naona mukono."

"Basi ona machupa! Machupa njo kazi yako." Lakini maneno yalimchoma, kwani alipenda kushinda mabishano kuliko alivyopenda kula. "Kuya hapa. Leo tutaanza na maji. Uone hiyo poussière kwa macho yako."

Akaipa mashine maji safi kabla ya damu yoyote. Mashine ikafyonza. Wakasubiri wote wawili, nyuso zao zikiwa za kibuluu kwa mwanga wa kioo. Haikuja hata nukta moja. Kioo kilibaki cheusi, kitupu kama kaburi lililochimbwa likasahauliwa. Kisha akaitia damu yake, na lile kundi likaja, zambarau, likakaa mahali pake palepale.

Papa Adalbert aliugonga mrija wa mashine kwa ukucha. "Ile tuyau iko na kichwa nguvu," akasema, akafuta.

Hapo Laurette akajua. Kama kitu kile hakikuwa ndani ya mashine, basi kilikuwa ndani ya mkono aliokuwa akiufunga. Na mwenye mkono, mtu pekee katika nyumba ile aliyejua kusoma nukta, alikuwa akikifuta badala ya kukitibu. Akiachwa hivyo, atakufa huku akipiga mluzi. Laurette angemwambia nini? Mwenye kiburi haoni kwake, ila huona kwa jirani upesi kama mwewe. Basi akaamua kumfanya awe jirani yake mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya Docteur Mélanie kuja kutia sahihi majibu. Wagonjwa kwenye orodha walikuwa thelathini. Laurette alichukua damu iliyobaki kwenye sindano ya Papa Adalbert, akaitia kwenye kichupa kipya, akabandika namba trente et un, yaani thelathini na moja, akakiweka mwisho kabisa. Kwa kosa kama hilo mtu hufukuzwa kazi siku hiyohiyo. Papa Adalbert alitia rangi vichupa vyote bila kuinua macho.

"Trente et un ni ya nani?" aliuliza ilipofika zamu yake. "Ku liste bantu ni trente."

"Ilifika mwisho, Papa. Jina itafuata."

Mashine ikafyonza. Mluzi wa Papa Adalbert ukakatika katikati. Nukta za zambarau zilimiminika kama siafu waliochokozwa, zikajaza mahali patupu, zikasukuma makundi mengine pembeni.

"Docteur, kuya uone!" aliita. "Hizi ni chembe changa. Kwao ni ndani ya mufupa. Zikitoka zote hivi, mutu iko anaisha. Nani alimuacha mupaka hapa? Huyu hana bantu nyumbani?"

"Iko nao," alijibu Laurette kwa sauti ndogo. "Alikuwa anafuta tu, Papa. Kila asubuhi."

Papa Adalbert akageuka polepole. "Laurette. Hii damu ni ya nani?"

"Ni ya ule mukono nilifunga leo asubuhi."

Mashine, kichupa kikiwa kimekwisha, ilinyonya hewa tupu. Papa Adalbert aliushusha mkono wa shati lake, akafunga kifungo taratibu, kama mtu anayeficha kitu mbele ya wageni.

Docteur Mélanie alimlaza kwenye benchi akambonyeza chini ya mbavu za kushoto. Bandama lilikuwa limevimba hadi kitovuni. "Ungekuja mwanzoni, Papa Adalbert," alisema, "ningekupa vidonge, ukavimeza nyumbani kwako huku unafanya kazi. Sasa ni lazima uvuke mpaka, kwenye dawa kali. Na siwezi kukuahidi kitu."

Jioni ile Papa Adalbert aliketi mbele ya kompyuta, Laurette akiosha vichupa nyuma yake. Alidhani alikuwa amefuta. Kumbe kompyuta ilikuwa imeweka yote. Alifungua asubuhi moja baada ya nyingine, akirudi nyuma, na kundi likapungua na kupungua mpaka akafika siku ya kwanza. Akahesabu kwa kidole.

"Saba," alisema. "Laurette, zilikuwa saba tu."

Mahali pa jina la kundi, ambapo palikuwa wazi siku zote hizo, akaandika jina lake mwenyewe. Jumapili alivuka Ruzizi na mkewe, Maman Georgette. Wiki ya tisa Maman Georgette alirudi peke yake.

Nukta saba, zisizotosha kujaza ukucha, zilimzidi nguvu mtu aliyejiita kipimo cha mji mzima. Kweli, mdharau mwiba, mguu huota tende.