Kitanda cha Pili cha Atuganile

Hapo zamani, na si zamani za mbali sana, Subilaga na Bibi Kalinga waligombania kitanda kimoja, na mwenye kitanda amekaa katikati yao.

"Mimi ndiye niliyekuwa namfunika," alisema Bibi Kalinga.

"Na hilo ndilo kosa lako," alisema Subilaga.

Mwenye kitanda aliitwa Atuganile. Alikuwa mnene kuliko wote kijijini kwao, kijiji cha milimani, cha viazi na umande unaoganda. Asubuhi watu walipita wakiuliza kama gunia limeamka. Hawakungoja jibu.

Wazazi walipofariki alihamia kwa dada yake Subilaga. Subilaga akasema anajaza nyumba, akamtandikia mkeka kwenye banda la viazi. Miaka mitatu Atuganile alilala na baridi, akaamka na baridi, akisikia Subilaga na mumewe wakicheka kando ya moto upande wa pili wa ukuta. Aliyeingia bandani ni jirani tu, Bibi Kalinga. Bibi alileta blanketi, Bibi alileta uji, Bibi alikaa mpaka uji uishe ili mtoto wa watu asinywe peke yake.

Kisha shangazi yao akafa, akamwachia Atuganile nyumba ndogo yenye vitanda viwili. Akahamia, akalala kimoja, akawa anakitazama cha pili.

Mwaka huo alipimwa hospitali kubwa ya mjini. Daktari alishangaa. Kwa uzito ule alitegemea presha ya juu na mishipa iliyochoka, lakini moyo ulikuwa mzima. Akamwonyesha kwenye picha mafuta ya kahawia, shingoni na juu ya mabega. Haya si ya kujilimbikiza, alisema. Huunguzwa ili mwili upate joto, na wanene walio nayo mara nyingi mioyo yao huwa na nafuu. Baridi huyaamsha. Hakuapa kwamba ndiyo sababu.

Atuganile aliyasimulia hayo kijijini, maana hakuwa na habari nyingine ya kusimulia. Ndipo Subilaga, aliyeachwa na mumewe, akaja na sanduku. Bibi Kalinga, ambaye mvua ilibomoa kibanda chake, akaja na furushi. Wote siku moja, kila mmoja akitaka kitanda cha pili.

"Nilikuweka kwenye baridi, mdogo wangu," alisema Subilaga. "Moyo huo ni kazi yangu. Sikujua, lakini ni kazi yangu."

Bibi Kalinga aliitazama mikono yake. "Labda blanketi langu liliyalaza hayo mafuta, mjukuu wangu. Sijui. Lakini siku ile bandani uliposema huoni sababu ya kuamka, nani alikuwa amekushika?"

Atuganile aliinuka. Akafungua mlango. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanasikiliza ugomvi.

"Ninyi mlionipita kila asubuhi," aliwaambia, "leo msipite. Mmoja alinitupa, na huenda ndiye aliyeulinda moyo wangu. Mmoja alinipenda, na huenda alinipunguzia kinga hiyo. Kitanda ni kimoja. Au kibaki kitupu, nikae peke yangu kama nilivyozoea? Niambieni, nani anastahili kulala humu?"