Choo cha Wageni

Ngano, ngano!
— Ije tuisikie!
Ije wapi, na nyinyi mmejazana njiani hivyo? Sogeeni, ikae.

Hapo kale Kiboko alikuwa mwenyekiti wa kamati ya choo. Kijiji kizima, choo kimoja, na ufunguo shingoni mwake. Kila nyumba ilileta kikapu cha majani ya kuezekea paa. Kiboko akayala, nyam nyam nyam, kisha akafunga mlango.

"Hiki ni cha wageni. Nyinyi mtakichafua."

Basi wote wakajisaidia mtoni, wakachota mtoni, wakanywa mtoni. Watoto wakahara. Nguchiro, mama wa watu, mwili wake mdogo kama kiganja, akazika wawili. Akabaki na Salia, kitindamimba wake.

Kila mwaka Korongo mtafiti alitua, pwaa!
"Choo kipo?"
"Kipo!" Kiboko anajibu.
"Kisafi?"
"Kisafi!"
Anaandika, anaruka zake.

Mwaka huo Salia naye akaanza kuhara. "Huyu simziki," Nguchiro akaapa. Akamwendea Kiboko mbio.

"Shikamoo, mwenyekiti."
"Marahaba. Sifungui."
"Usifungue, baba. Ila nasikia safari hii Korongo anatafiti matumizi. Choo kikitumika, mwenyekiti anapewa bonde zima la majani."

Kiboko akameza mate, gudu! Akafungua. Wanyama wakapanga foleni, Nguchiro mbele, Salia mgongoni.

"Pisheni! Mwenyekiti kwanza!"

Akajisukuma ndani. Kri, kri, kri... gwaa! Sakafu ikavunjika, Kiboko huyo shimoni hadi shingoni. Wanyama walicheka hadi wakakaa chini. Nguchiro hakucheka. Kijiji hakikuwa na choo kingine.

Pwaa! Korongo huyo.
"Choo kipo?"
"Kipo..."
"Kinatumika?"
Akachungulia, akaona macho mawili. "Lo! Na mwenyekiti mwenyewe!" Akaandika.

"Baba Korongo, mtazame mwanangu. Ananifia."

Korongo akafunua karatasi, akafunua, akafunua. Hakuwa na roho mbaya, maskini. "Pole, mama. Watoto tumewapanga mwakani."

Akaruka zake. Salia hakufika jioni.

Ngano yangu imekauka hapo. Mwenye machozi ailowanishe. Funzo lake? Mkijengewa choo, wanangu, kifungeni kwa kufuli mbili, hakitavunjika kamwe. Mbona hamcheki?