Kwale na Ming'oko ya Bi Somoe

Wewe unayenuna mkekani, sijaanza umeshabisha! Kwale hawezi kumwonyesha mtu chakula? Umewahi kumwona kwale, au umeona mchuzi wake tu? Haya, wenye masikio: Paukwa!

Pakawa!

Zamani, babu yangu hajaota meno, kijiji kilishikwa na njaa. Mvua ilikataa, ikakataa, ikakataa. Ikabaki ming'oko, vile viazi vya porini. Lakini majani yake yalishakauka yakapeperuka, na mng'oko bila majani utaujulia wapi? Watu walichimba, wakachimba, wakatoka na vumbi.

Mke wa Chilumba alikuwa mzazi wa siku nne. Maziwa hayatoki. Kitoto kinalia sauti ya panya.

Asubuhi kwale akalia msituni: kwe-kwe-kwee!

"Supu ya mke wangu hiyo," akasema Chilumba, akashika rungu.

"Kaa chini, mjukuu wangu," akasema Bi Somoe, kikongwe aliyechoka hata kufukuza nzi. "Kwale mmoja utamla siku ngapi? Mwache achakure."

"Bibi, wewe umeshiba uzee. Mimi nina mzazi ndani."

Akaenda. Kwale akatoka majanini, bawa linaburuta, chechemea, chechemea. Chilumba mbio! Kidogo amguse, puruuu! Kwale huyo, kapaa. Ndivyo alivyo: hujifanya kavunjika akuvute mbali na vifaranga. Wanaume wote walilijua hilo, na kila mwaka walimkimbiza.

Bi Somoe akaja nyuma polepole, akakaa karibu na pale kwale alipotokea. Akakaa. Siafu wakamuuma, hakujikuna. Jua likamchoma, hakusogea. Kwale akarudi kwa miguu, kimya, vifaranga nyuma, rangi ya majani makavu. Chaku, chaku, chaku! Akadonoa kitu cheupe. Akasogea. Chaku, chaku!

Alipokwenda zake, Bi Somoe akachimba palepale. Ming'oko!

Chilumba akatokea, jasho tupu.

"Umemkamata, shujaa?"

"Kanikimbia, Bibi."

"Basi shika jembe. Mgongo wangu umekwisha."

Wakachemsha. Mzazi akala, akanywa na maji ya ming'oko. Kesho yake maziwa yakatoka, kitoto kikanyonya mpaka kikasinzia na titi mdomoni. Hakuna aliyemwambia Bi Somoe ahsante. Naye hakungoja, alishalala.

Mwenye njaa hukimbiza kinachokimbia. Chakula kimebaki pale kinachokimbia kilipotokea. Hadithi nimeitua hapo, ilikuwa nzito. Anayebisha abishe na ukuta. Mimi natoka, na mlango naufunga.