Figa Lililotoka Kanisani

Paukwa!

Pakawa!

Haya sogeeni, mwenye baridi apite mbele.

Hapo zamani za kale, siku moja jikoni walikuwapo Mkawasi, mwanawe Wawuda, jirani yao Bibi Saru, chungu cheusi na mafiga matatu. Mawili yalikuwa ya siku zote. La tatu Mkawasi alilitoa makaburini, kwenye kanisa la kale, kule paa lilikoanguka na majani yakafunika kila kitu. Aliona jiwe zuri, bapa, halina mwenyewe. Akalibeba.

Wawuda alikuwa ametoka kwenye homa, siku mbili hajala. Mkawasi akateleka uji. Figa likatikisika, tiki, tiki. Uji ukamwagika.

"Nirudishe," likasema. "Kuna mtu nimemwacha peke yake."

Bibi Saru akacheka, akasema kumbe siku hizi hata mawe yana wakwe wa kwenda kuwatazama. Mkawasi akaligeuza figa juu chini, akateleka tena. Tiki, tiki. Uji ukamwagika.

"Nirudishe. Kuna mtu nimemwacha peke yake."

Mnauliza, na Wawuda akala nini?

Hakula, wanangu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Na unga ulibaki wa kujaza kiganja kimoja tu.

Mkawasi akachuchumaa. "Mtoto wangu ana njaa," akaliambia figa.

"Wangu pia ni mtoto," likasema. "Teleka. Nitatulia mpaka ashibe."

Na kweli, moto ulilichoma, nalo likavumilia. Wawuda akanywa uji wote, akalamba na mwiko.

Jiwe lilipopoa, Mkawasi akalisugua kwa majivu. Chini ya masizi palikuwa pamechongwa msalaba, mdogo kama kidole cha mtoto. Akamfunga Wawuda mgongoni, akajitwika jiwe, akaenda mbiombio.

Majani yalikuwa marefu, hakukumbuka alikolitoa. Kwenye kaburi la kwanza, jiwe likatikisika. Kwenye la pili, likatikisika. Pembeni, chini ya ukuta uliobomoka, palikuwa na kaburi fupi kama kitanda cha Wawuda. Hapo jiwe likatulia tuli, naye Mkawasi akalitua.

Basi wanangu, kabla ya kuokota kitu, ulizeni kinamlinda nani. Na hadithi yangu naitua hapo, palipotuliwa lile jiwe.

Kesho yake Bibi Saru alimletea Mkawasi figa jingine kutoka mtoni, na alikuwa ameliuliza kwanza.