Elektroni wa Ukingoni mwa Kutu

Haya, kaeni chini, na wewe acha kulikwangua jembe hilo. Kutu unayoipeperusha ina wenyewe.

Hapo kale, kabla kutu haijajulikana, ndani ya chuma waliishi elektroni, watu wadogo kupita hata chembe ya vumbi. Kazi yao ilikuwa moja tu: kujizungusha. Wote walizunguka upande mmoja, kulia, na kwa umoja huo chuma kilikuwa na mvuto. Sindano ikipita jirani, ilikuja yenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yao. Wawili kati yao, Mwanatumu na Zuhura, walikaa nyumba mbili zinazokabiliana, wakizunguka pamoja na kuchekeana.

Kisha akaja Oksijeni kutoka hewani, mtanashati, mwenye maneno matamu, akawaoa wote wawili. Akajenga katikati yao. Kwa mkono wa kulia alimshika Mwanatumu, kwa wa kushoto akamshika Zuhura, akaapa kwamba hatapendelea. Thubutu! Mwanamume akishaapa hivyo, mwanamke huanza kupima.

Mwanatumu alipima. Aliona vidole vya mume vinambana Zuhura zaidi. Akisikia kicheko upande wa pili, alisukuma chakula kando. Wivu wake haukulipuka. Ulifuka chini kwa chini kama makumbi ya nazi. Kilichomuuma kuliko vyote ni kuzunguka sawasawa na mke mwenzake, utadhani wao ni kitu kimoja.

Asubuhi moja akageuka, akaanza kuzunguka kushoto.

"Dada, unafanya nini?" Zuhura alishtuka. "Tukipingana, mvuto wetu utakufa!"

"Na ufe! Ukienda kulia, mimi kushoto. Sitaki kufanana na wewe hata kwa kuzunguka."

Jambo baya halikosi wa kuliiga. Ndugu za Oksijeni nao walikuwa wameoa humo wawili wawili, na kila nyumba ya ukewenza ikafanya vivyo hivyo: huyu kulia, mwenzake kushoto, nguvu ya mmoja ikaila ya mwingine. Chuma kile kikawa kutu, na sindano zikapita zake bila hata salamu.

Mwanatumu hakutosheka. "Bwana, nihamishe," alimwambia mumewe. "Nipe nyumba ya ukingoni kabisa, nisimwone tena yule."

Oksijeni alikuwa amechoka. "Bibi, ukingoni huna jirani upande wa pili, ni upepo tu. Na mkono wangu utakufikia kwa shida."

"Afadhali upepo."

Akahama. Siku ya kwanza alishusha pumzi, akasema sasa nimepata raha. Akajiweka tayari kuzunguka, akasita. Kulia? Kushoto? Miaka yote hiyo alimtazama Zuhura kwanza, ndipo akajua yeye aende wapi. Sasa mbele yake palikuwa peupe. Ikabidi ainame achungulie ndani, akizunguka huku anatafuta, na machozi yanamtoka kwa ajili ya mtu aliyemkimbia mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, elektroni wa ndani ya kutu huzunguka kwa kupingana, imara, kila mmoja na upande wake. Wale wa ukingoni huzunguka wameinama, na mgeni yeyote wa hewani akigusa mlango, wao huyumba. Mwanatumu yumo humo kwenye jembe lako, mjukuu wangu. Hadi leo anamchungulia mke mwenzake, aone anageukia wapi.