Jino la Bibi Nyani

Paukwa!

Pakawa! Pakawa nyani na ukoo wao. Wenye midomo wafumbe, wenye masikio watege.

Hapo zamani za kale, kwenye majabali, paliishi ukoo wa nyani. Mila yao ilikuwa kali: nyani haachami mbele ya jamaa zake, kwani kuonyesha meno ni kutangaza vita. Kutwa walitoana chawa mgongoni, lakini hakuna aliyemtazama mwenziwe kinywani.

Bibi Nyani ndiye aliyewalea wote pale. Jino lake la nyuma likaanza kuuma. Mjukuu wake, Chausiku, akamletea mahindi. Bibi akayasukuma kando.

"Huli, Bibi?"

"Nimeshiba, mjukuu wangu."

Wakubwa wakasema, "Uzee huo."

Chausiku akamletea mabungo, matunda laini ya mwituni. Bibi akalamba, akayaacha. Shavu lilikuwa limevimba.

Wakubwa wakasema, "Uzee huo."

Mara ya tatu akamletea asali. Bibi akaonja, machozi yakamtoka. Kinywa kilinuka, hata watoa chawa wakamkimbia.

"Uzee huo," wakasema tena. Wavivu wale! Uzee waliufanya jaa, kila kitu wakatupia humo.

Chausiku akamwendea Nungunungu, fundi wa meno wa mwitu mzima. Nungunungu akaja, akasema, "Aachame nimtazame."

Mjomba wa Chausiku, mkubwa wa ukoo, akamzuia. "Mama yangu aachame mbele ya watoto? Unataka atutangazie vita? Rudi ulikotoka."

Bibi mwenyewe akatikisa kichwa. Maumivu aliyaweza, aibu hakuiweza. Nungunungu akaenda zake.

Homa ikampanda Bibi Nyani. Akakonda, akabaki mifupa, akafa njaa na mahindi yako pembeni yake.

Walipomlaza, kinywa kikafunguka chenyewe. Chausiku akatia vidole, akagusa jino moja lililooza. Likatoka bila kuvutwa. Mengine yote yalikuwa mazima.

Akaliweka kiganjani mwa mjomba wake. "Mjomba, uzee wenyewe ndio huu."

Mjomba akalitazama, akalifumba kiganjani.

Haya, nyie mnaonisikiliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: na wanaomsaidia kuficha wamemzika kabla ya siku yake. Mzee akiacha kula, msiseme ni uzee. Mtazameni kinywani.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mwenye bibi nyumbani na aende sasa hivi, akamuulize leo amekula nini.