Uso Alioutaja Mwanakheri

Sogeeni hapa, jamaa zangu, mnisikilize. Hadithi ya leo ina machozi.

Alikuwapo mama mmoja, Mwanakheri, na binti yake wa pekee. Jioni moja zimwi likamnyakua mtoto mlangoni, mama anaona. Zimwi lile lilijua kuvaa uso wa mtu yeyote, na siku hiyo lilivaa uso wa Makame, mhunzi wa mji.

Makame akakamatwa, akasimamishwa mbele ya sultani.

"Ndiye huyu?" sultani akamuuliza Mwanakheri.

"Nafikiri ndiye, bwana."

Kesho yake akaulizwa tena. "Ndiye," akasema.

Siku ya tatu akaulizwa tena. "Ndiye, wallahi. Uso huu sitausahau mpaka nife."

Makame akasema, "Bi Mwanakheri, nitazame vizuri."

Akamtazama, akauona uso uleule. Makame akauawa.

Haukupita mwezi, Mwanakheri akiwa kisimani, akauona uso wa Makame unapita, na mtoto wa jirani begani. Akapiga ukelele. Watu wakaja na mapanga, wakamwokoa mtoto, wakaliua zimwi, na ule uso ukabanduka kama gamba la nyoka.

Mwanakheri akaenda kwa mjane wa Makame, akapiga magoti. "Dada yangu, sikusema uwongo. Nilisema nilichokiona."

"Najua," mjane akamjibu. "Ungekuwa mwongo, ningepata wa kumchukia."

Akampisha mkekani, wakalia pamoja.

Yangu yameishia hapo. Mwenye kulia naye alie.